Kona ya Sita ya Jeneza la Leona Rauch

Siku Cletus Rauch alipoandika barua ya kujitoa chamani, aliileta kwangu kwanza ili niione. Hilo ndilo lililonichoma. Wenzake thelathini na mmoja walizituma zao kwa posta, kimyakimya, kama watu wenye aibu zao. Cletus alikuja mpaka kwenye mashine yangu ya randa, vumbi la mwaloni limemjaa hadi kwenye nyusi, akaipeperusha karatasi mbele ya pua yangu kama anafukuza nzi.

"Soma, Urban. Nimeandika herufi kubwa kwa ajili ya macho yako."

"Nimesoma. Jina la chama umelikosea."

"Jina la chama si shida yangu tena, ndugu yangu."

"Usiniite ndugu. Ndugu ni mwenye kadi."

"Basi nikuite nani? Bwana Katibu?"

"Niite mtu anayelipia mkate unaokula."

Akacheka. Cletus ana kicheko cha kuudhi, kinaanzia tumboni na kuishia puani, na mimi nimekisikia miaka arobaini na miwili, kwa sababu tuliajiriwa wiki moja katika kiwanda cha majeneza cha Ruhl, mimi Jumatatu, yeye Jumatano.

Niseme wazi, maana kuna watu wamesahau, na mimi sisahau. Ile sheria waliyotupitishia kule Indianapolis mwaka 2012, huku sisi tumejazana kwenye korido tukipiga kelele mpaka makoo yakakauka, waliipa jina zuri: Haki ya Kufanya Kazi. Ukilisikia utadhani kuna mtu atapewa kazi. Hakuna aliyepewa hata ufagio. Maana yake ni hii tu: chama kinajadili mkataba wa kiwanda kizima, kinapigania mshahara, likizo na bima ya kila mtu, kisha anayetaka anasema, "Mimi ada sitoi," na bado anakula nasi, sahani ileile. Akigombana na mnyapara, sheria inanitaka mimi, mwakilishi wa wafanyakazi, nikamtetee kwa nguvu zilezile ninazomtetea anayelipa. Kununa peke yake ndiko walikosahau kukupiga marufuku, na mimi nimekutumia ipasavyo.

Kabla ya hapo, mkataba wetu ulisema kila anayeajiriwa Ruhl anaingia chamani ndani ya siku thelathini. Mkataba huo ulipokwisha, Agosti ya 2013, mlango ukawa wazi, na Cletus akatoka akipiga mluzi.

"Ni ada inayokuuma?" nikamuuliza siku ile. "Lile gari lako linakunywa kwa wiki kuliko chama kwa mwezi."

"Si ada. Ni kulazimishwa. Nilipoingia humu mwaka sabini na moja nilipewa kofia, ufunguo wa kabati na fomu ya chama. Kofia niliihitaji. Kabati nililihitaji. Fomu, hakuna aliyeniuliza."

"Na vidole vyako viwili vilipoliwa na msumeno, mwaka themanini na nane, wakataka kukufukuza wakisema ni uzembe wako, nani alikaa nawe ofisini siku tatu?"

"Wewe."

"Basi?"

"Basi asante. Lakini wa kumlazimisha Cletus Rauch hajazaliwa."

"Amezaliwa," nikasema. "Anaitwa Leona."

Hapo kicheko kikakatika.

Leona Rauch ni mama yake. Wakati huo alikuwa na miaka themanini na tisa na kilo arobaini na tano, viatu vikiwemo. Alistaafu Ruhl baada ya miaka thelathini katika chumba cha bitana, akishona satini na mito ya ndani, na nusu ya waliozikwa katika mji wetu wa Lindenau wamelalia mishono yake. Mumewe alifariki zamani. Cletus, mwanaye wa pekee, hakuoa. Wanaishi nyumba moja, yeye ndiye anayempeleka misa, kwa daktari, na kila Ijumaa kwenye samaki wa kukaanga pale parokiani. Mjini petu watu humcheka kwa mengi, lakini si kwa hilo.

Sasa, sisi tunatengeneza majeneza tangu mababu waliokuja na randa zao kutoka Ujerumani, kwa hiyo jeneza halitutishi. Watoto wetu hujificha humo wakicheza. Kinachotutisha ni kuliangusha. Mwaka 1974 wabebaji wetu walimwangusha marehemu Alphons Dierkes kwenye ngazi za kanisa la Mtakatifu Boniface, askofu akiwa mlangoni. Jeneza halikufunguka, kazi yetu ni imara, lakini liliserereka vipandio vyote kumi na vinne kama mtoto kwenye theluji, likaenda kugonga bampa la gari la askofu. Watu wanaozika nusu ya Amerika, na hawajui kubeba jeneza moja! Vijiji vya jirani vilitucheka mwaka mzima.

Ndipo chama kilipoweka desturi. Jumamosi ya kwanza baada ya Siku ya Marehemu Wote, tukishakunywa supu ya kobe wa mtoni, kila mstaafu aliyevuka miaka themanini na mitano anataja wabebaji wake sita. Hao sita wanavaa makoti ya chama, wanakwenda kwenye ngazi zilezile, wanafanya mazoezi na jeneza lililojazwa mifuko ya mchanga. Na wabebaji sharti wawe wanachama. Jambo hilo halimo katika mkataba wowote, halimhusu mwajiri, wala serikali haijapata namna ya kulitungia sheria.

Nilikwenda mwenyewe kumshitaki Cletus kwa mama yake. Ni uchongezi, sikatai. Nilimkuta jikoni akikata kabichi ya kuchachusha, mtungi uko miguuni pake.

"Amejitoa," nikasema.

Kisu kikasimama. "Nani?"

"Mwanao."

"Kwa maandishi?"

"Kwa herufi kubwa."

"Saa thelathini nilikuwa na uchungu wa mtoto yule," akasema Leona. "Hakutaka kutoka. Wakunga wawili walichoka. Leo ndiyo anajifunza kutoka?"

"Anasema hataki kulazimishwa, Bi Leona."

Akaanza tena kukata, polepole. Nikajua anawaza nini, kwa sababu mimi ndiye ninayetunza vitabu vya mikutano ya chama, na nimevisoma vyote, hata vile ambavyo panya walivitangulia.

"Lakini na wewe, Bi Leona, mwaka hamsini na tisa..."

"Usianze, Urban."

"Sianzi. Nimesoma tu."

"Basi ungesoma huku umefumba macho."

Wengi hawajui kwamba sheria hii si ngeni Indiana. Walituletea ya kwanza mwaka 1957, ikafutwa mwaka 1965. Leona aliajiriwa katikati ya miaka hiyo, na kwa miaka sita alikataa katakata kujiunga.

"Chumba kizima cha bitana walikuwa wananiita Kupe," akasema. "Nikawa nawajibu, kupe hulala ameshiba. Sheria ilipofutwa nikaambiwa ingia au uondoke. Nikaingia nimewanunia. Nilinuna miaka miwili, mpaka misuli ya uso ikachoka."

"Kwa hiyo kulazimishwa kulikufaa."

"Kulazimishwa hakuna raha hata kidogo. Lakini wangesubiri niingie kwa hiari yangu, mpaka leo wangekuwa wanasubiri. Rauch ni jina la mume wangu. Kichwa hiki Cletus alikichukua kwangu." Akaninyooshea kisu, kipande cha kabichi kimening'inia kwenye ncha. "Miaka hiyo sita usimwambie."

"Simwambii."

"Ukimwambia, nitakushonea mto wa misumari."

Basi Jumamosi ile ya Novemba ikafika. Ilinyesha manyunyu tangu asubuhi, majani yaliyopukutika yamegandia kila mahali kama stempu. Ukumbi wa chama unatazamana na kanisa. Cletus alimshusha mama yake mlangoni, akampeleka kwa mkono mpaka kwenye kizingiti, akaishia hapo. Hakuna aliyemzuia. Alijizuia mwenyewe, akarudi garini, akaliegesha chini ya ngazi za kanisa, akawasha redio. Supu tulimpelekea, hatuna unyama kiasi hicho. Mkate nilimnyima mimi.

Mezani Leona aligonga bakuli kwa kijiko, watu wakanyamaza.

"Natamka wabebaji wangu," akasema. "Ambrose Vogelsang, mbele kulia."

"Goti langu bovu, Bi Leona," akasema Ambrose, mzee wa ghala la mbao.

"Hata langu. Nimelalamika? Rita Obermeyer, mbele kushoto." Rita ni wa chumba cha rangi, ana mabega ambayo ng'ombe dume angeyaonea wivu. Kisha akataja watatu wa kupiga msasa, wawili wa kati na mmoja wa nyuma kulia. Akashika kijiko chake tena.

"Hao ni watano," nikasema. Mimi huandika majina, na siku ya mazoezi huongoza hatua.

"Najua kuhesabu. Kona ya sita, nyuma kushoto, ni ya mwanangu. Akiwa na kadi. Asipokuwa nayo, iachwe wazi."

"Bi Leona, jeneza litainama."

"Liiname. Mji mzima uone limeinamia upande gani."

Ukumbi ukapiga makofi, na mimi nikapiga zaidi ya wote. Sikufikiria kwamba chini ya ngazi kulikuwa na mtu wa miaka sitini na mitatu ambaye angekwenda kumzika mama yake akitembea nyuma, mikono mitupu, kama mgeni. Hasira ina macho, lakini shingo haina.

Tulipofika kwenye jeneza, chini ya ngazi za kanisa, Leona akaiangalia mifuko ya mchanga kwa dharau.

"Toeni."

"Ndiyo uzito wenyewe, tumepima..."

"Mchanga haulalamiki. Nitajuaje kama mnanitikisa?"

Hapakuwa na wa kubishana naye. Rita alimnyanyua kama mtoto, akamlaza. Leona akajaribu mto kwa kisogo, akaupapasa mshono, akasema anayeshona siku hizi apelekwe mahakamani. Akaweka mkoba wake kifuani, akaukumbatia, akafumba macho. Nusu ya chini ya kifuniko tukaifunga, nusu ya juu tukaiacha wazi ili apate hewa na apate kusema, na sijui ni kipi alikihitaji zaidi.

"Moja," nikaita, nikipanda kinyumenyume mbele yao. "Mbili. Ambrose, inua. Tatu."

Watano kwa jeneza la mwaloni si mzaha. Kona iliyo wazi ilikuwa inashuka kila hatua. Garini redio ikazimwa. Kioo kikashushwa.

"Saba. Nane."

"Mnanitikisa," akasema Leona.

"Tisa."

Kwenye kipandio cha tisa goti la Ambrose likakutana na jani lililolowa. Hakuanguka, alichuchumaa tu, lakini ilitosha. Jeneza likayumba, kona ya nyuma kushoto ikazama, yule wa nyuma kulia akapiga kelele "Yesu wangu!", na mlango wa gari ukabamizwa. Sijui Cletus alipandaje vipandio vile na lile tumbo. Nilichoona ni bega lake likiingia chini ya kona, na jeneza likasimama.

Wote walikuwa wanahema. Leona alikuwa anatazama mawingu. Mtu wa nyuma ya kichwa chake hakuweza kumwona.

"Nani huyo kona ya sita?"

"Ni mimi, Mama."

"Una kadi?"

"Mama, jeneza lilikuwa linaanguka!"

"Nimeuliza kadi."

"Sina."

"Basi achia."

"Nikiachia utaserereka mpaka barabarani!"

"Alphons Dierkes aliserereka, akafika."

"Alphons alikuwa maiti!"

"Basi mimi nitakuwa wa kwanza kusimulia. Achia."

"Siachii."

"Unanibeba kwa nguvu? Mtu hana haki ya kuchagua wa kumbeba? Si ndiyo sheria yenu hiyo, kwamba mtu asilazimishwe?"

"Mama, tafadhali, nakuomba..."

"Ndugu zangu," akasema Ambrose, uso umekuwa kama nyanya, "kikao cha familia kifupishwe. Goti langu halijui sheria."

"Urban!" Rita akanifokea. "Umesimama hapo kama sanamu ya mtakatifu! Si una fomu mfukoni, mbwa wewe?"

Nilikuwa nayo. Huwa ninazo, natembea nazo kama wengine wanavyotembea na leso. Na hapa niseme ukweli wangu, kwa sababu nimesema wa wengine. Sheria ile naijua neno kwa neno, nimeisoma mara nyingi nikitafuta tundu. Inasema anayemlazimisha mtu kuingia chamani ametenda kosa la jinai, na kosa hilo lina jela ndani yake. Ningesema, "Tumshusheni kwanza, kisha tuzungumze." Vilibaki vipandio vitano tu kufika juu, penye mahali tambarare. Nilikuwa na pumzi ya kusema hivyo. Sikusema. Nilizunguka, nikaiweka fomu juu ya mkoba wa Leona, na Leona, macho yakiwa bado mawinguni, akafungua zipu akatoa kalamu.

Cletus akanitazama. Jasho na manyunyu vilikuwa vinamchuruzika puani.

"Hii ndiyo njia yenu, siyo?"

"Mimi sijasema kitu," nikasema.

"Hujawahi kuwa kimya maishani mwako, leo ndiyo umeanza."

Akabaki na bega na mkono wa kushoto chini ya jeneza, akanyoosha ule wa kulia, wenye vidole vitatu, akasaini juu ya kifua cha mama yake. Jina likatoka kama njia ya konokono.

"Haya," akasema Leona. "Bebeni. Na kona ya sita iache kuhema juu ya nywele zangu."

Kumi. Kumi na moja. Tulifika juu, watu wakashangilia, mimi nikawa mfalme kwa dakika kumi hivi. Hatukujua kwamba mama mmoja aliyekuwa akipanga maua mlangoni mwa kanisa alikuwa amerekodi yote kwa simu. Kufikia Jumapili jioni Lindenau nzima imeitazama. Kufikia Jumatatu, hata makao makuu ya kampuni.

Jumatano Cletus akaitwa ofisi ya utumishi. Meneja ni Bwana Tisdale, aliyetumwa kwetu kutoka mbali, mtu nadhifu asiyetofautisha mwaloni na msonobari. Alimtaka Cletus peke yake. Cletus akamwambia hasemi neno bila mwakilishi wake kukaa kando. Zamu ile mwakilishi alikuwa mmoja tu, mimi.

"Lakini Bwana Hoelker ndiye mtuhumiwa," akasema Tisdale, akininyooshea kidole nilipoingia.

"Hata hivyo ni wangu," akasema Cletus.

Nikakaa. Nilikuwa nimevaa shati safi, kama mtu anayekwenda kupigwa picha polisi. Mke wangu asubuhi ile alikuwa ameniuliza kama jela wanaruhusu soksi za sufu, na sikujua kama ni utani.

Tisdale akaiweka fomu mezani, ile ya konokono, ambayo chama kilikuwa kimeipeleka ofisini ili ada ikatwe.

"Ulisaini hii kwenye ngazi?"

"Ndiyo."

"Ukiwa umebeba jeneza?"

"Kona moja tu."

"Mama yako akiwa ndani?"

"Angekuwa nani mwingine? Jeneza ni lake."

"Na alisema angeangushwa usiposaini. Nimesikia mwenyewe kwenye video."

"Mama husema mengi. Hukusikia aliyosema juu ya mto."

Tisdale akatabasamu, tabasamu la mtu aliyelala vizuri. "Bwana Rauch, mimi niko upande wako. Sheria ipo kukulinda. Ulijitoa kwa hiari, kwa barua, kwa herufi kubwa. Kisha wakakubana ngazini. Ukithibitisha hivyo, fomu hii inafutwa leo, na Bwana Hoelker atajieleza kwa mwendesha mashtaka." Akasukuma karatasi nyingine, imechapwa vizuri, na kalamu juu yake. "Wanasheria wamekurahisishia. Weka sahihi tu hapa chini."

Cletus akavaa miwani. Anasoma polepole, midomo ikicheza. Mimi nilihesabu madirisha ya ofisi ile. Ni manne.

"'Mimi Cletus Rauch,'" akasoma, "'nililazimishwa, nikiwa katika hofu kubwa...' Hofu kubwa? Nani alisema nilikuwa na hofu?"

"Ni lugha ya kisheria."

"'...na dhidi ya matakwa yangu.' Matakwa yangu aliwaambia nani?"

"Tulidhani..."

"Mliniuliza?"

"Ndiyo maana tuko hapa."

"Mmeshaichapa! Mtu huuliza kabla ya kuchapa, au ninyi mnakotoka huuliza baadaye?" Akavua miwani. "Na nisiposaini?"

Tisdale akajikohoza. "Ingetubidi kujiuliza kwa nini mfanyakazi wetu hatoi ushirikiano. Umebakiza muda mfupi ustaafu, Bwana Rauch. Sidhani kama unataka usumbufu."

Nimekaa katika ofisi ile mara nyingi, najua sauti ya mtu anapokanyaga mkia asiouona. Masikio ya Cletus yakawa mekundu kuanzia chini kwenda juu, kama kipimajoto.

"Sikiliza, kijana," akasema. "Mama yangu amejaribu kunilazimisha tangu mwaka hamsini. Nile maini. Nijifunze kinanda. Nimwoe Dolores Wissel. Maini sijala, kinanda sikijui, na Dolores ameolewa Cincinnati ana wajukuu saba. Muulize. Mama yangu alitaka niachie jeneza, nikakataa. Si umeliona hilo kwenye video yako? Siku hiyohiyo, ngazi ileile, ananiambia achia, sijaachia. Sasa unataka kuniambia mtu huyohuyo alinilazimisha kusaini?"

"Kwa hiyo unasema..."

"Nasema nilisaini kwa sababu nilitaka. Andika hivyo. Hapana, usiandike wewe, nitaandika mwenyewe." Akaigeuza ile karatasi ya wanasheria upande mweupe, akaandika, kwa herufi kubwa: NILITAKA. Akasaini chini, na safari hii kila herufi ilisimama wima.

Tisdale akanigeukia mimi, labda akitafuta msaada. Nikamwambia mwanachama wangu amemaliza maelezo yake.

Tulitoka pamoja mpaka kwenye korido inayokwenda kwenye randa. Nilitaka kumshukuru, lakini miezi mitatu nilikuwa nimemwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Usinishukuru," akasema, kana kwamba amenisikia. "Ulikuwa unakwenda jela, na ungestahili."

"Najua."

"Ungesema tumshushe kwanza."

"Najua, Cletus."

"Ungeniuliza tuko chini, mikono yangu mitupu, ningekataa. Ningekataa kwa sababu ni wewe unayeuliza." Akasimama. Mashine za msasa zilikuwa zinanguruma upande wa pili wa ukuta. "Sasa nimeandika mbele ya mkubwa kwamba nilitaka. Mtu akiandika hivyo hawezi tena kurudi nyuma. Nimebanwa na mkono wangu mwenyewe."

"Na ulitaka kweli?"

Akajikuna pale vidole vilipokuwa, kwa jinsi Cletus anavyofikiri.

"Nilitaka kumbeba," akasema.

Akakung'uta vumbi la mwaloni kwenye kofia.

"Mkutano ni lini?" akauliza.

"Jumanne. Saa kumi na moja jioni."

"Nitakuja."

"Karibu sana, ndugu."

"Usinikaribishe. Nakuja kupinga."

"Kupinga nini?"

"Sijajua bado," akasema Cletus, akishika njia ya kwenye msumeno wake. "Wekeni ajenda kwanza."